Leso ya Vipande Sita

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya mwaka ule wa Uhuru, kule Likoni, uani kwa Bi. Riziki, wanawake wazima wakilia kana kwamba wamefiwa. Hapakuwa na maiti wala matanga. Walikuwa wakililia sare.

Huenda hujui uzito wa jambo hilo, basi nikae vizuri nikueleze. Enzi zetu chama cha ngoma hakikuingia uwanjani bila sare, yaani leso za namna moja kwa wanachama wote, nazo zilifichwa kama mwali mpaka siku yenyewe. Chama kilichotoka nazo kwanza ndicho kilichozimiliki. Wa pili akizivaa ameiga, na mwenye kuiga ataimbwa mpaka wajukuu zake waone haya. Nasi wa Likoni tulikuwa tumealikwa, kwa mara ya kwanza, kuvuka kwa feri kwenda kucheza mjini Mombasa, kisiwani, kwenye sherehe za Uhuru, uwanja mmoja na chama cha kisiwani kilichozoea kutuita washamba wa ng'ambo. Tusipotokea siku ile, nani angetualika tena?

Sasa Bi. Riziki, mwenyekiti wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa moyo mweupe na mapambo mengi. Leso zetu zilipofika dukani kwa Bwana Karimu tukagawana, kila mtu akaficha zake. Yeye akashindwa kungoja. Akajifunga akaenda nazo harusini mjini, ati mara moja tu. Wenzetu wa chama kile cha kisiwani wakaziona, wakazisaka madukani, na wiki haijaisha wakatoka nazo chama kizima, tena wakituimbia. Habari ikavuka na feri ya jioni ikatufikia.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Bi. Riziki akasema, uso kaufunika kwa mtandio. "Basi tena. Hatuvuki."

Nami nikaunga mkono. Nilikuwa nimeolewa karibuni, damu inachemka, na kuchekwa nilikuona kubaya kuliko njaa. Nikasema heri tubaki kwetu.

Bibi yangu, Bi. Mwanakombo, alikuwa kando anachambua mchicha. Akauweka ungo chini.

"Mwalia nini?"

"Sare, Bibi. Hatuna sare."

"Kwani leso mwadhani ilizaliwa melini, ikashuka bandarini ishafungwa robota?"

Bibi hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku ile aliipandisha, na majirani wakasikia.

"Haya nimeyapata kwa mama yangu, naye kwa mamake. Wanawake wa pwani hii walikuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo nzito zisizo hata ua moja. Palikuwa na vitambaa vya mkononi vya rangi, vile vilivyojulikana tangu enzi za Wareno, na leso ni jina lao la vitambaa hivyo. Vilikuja vimeshikana kwenye jora, mwenye duka akikukatia kimoja kimoja. Mwanamke mmoja akamwambia, usikate. Nipa vitatu vilivyoshikana, na vitatu vingine. Akenda zake akaviunga, safu chini ya safu, akajifunga. Mji mzima ukamfuata! Wenye viwanda wa Ulaya walipoona ndipo wakaanza kupiga chapa nguo nzima. Wao ndio walioiga, wanangu. Leo mwaniambia duka likifungwa nasi tumefungwa? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Na huyo mwanamke ni nani, Bibi?" nikauliza.

"Jina lake halikubaki. Nguo imebaki."

Wallahi, mwanangu, nilijifunga leso tangu utotoni, nimebebwa kwa leso, nimefunikwa kwa leso nikiwa na homa, wala sikuwahi kujiuliza imetoka wapi. Nilidhani ipo tu, kama mvua.

Kesho yake tukaenda kwa Bwana Karimu na mafurushi ya leso zetu. Kumbe alikuwa na majora ya vitambaa vyekundu vya mkononi, kila kimoja na ukingo mweupe, yamelala juu ya kabati yanakula vumbi. Hakuna aliyevitaka. Leso zetu, kwa upande wake, zilikuwa na wateja tele, maana mjini sasa kila mwanamke aliziulizia. Tukabadilishana. Akatoka mlangoni kutusindikiza huku akicheka peke yake, akidhani ametupiga bao.

Uani kwa Bi. Riziki pakageuka kiwanda. Waliokuwa na cherehani walishona kwa cherehani, wengine kwa sindano, vidole vyatoka damu na vinywa vyaimba. Ikabaki jina, yale maneno yanayoandikwa chini ya leso, maana leso bila jina ni bubu. Hapo pia Bibi alikuwa na dawa: zamani, alisema, kabla ya mitambo, watu walichonga mihuri kwa kiazi kitamu kibichi. Tukachonga. Rangi tuliipika kwa magome ya mikoko, tukatia shabu ili ishike, tukapiga chapa kwenye ukingo mweupe wa chini. Herufi za kwanza zilitoka zimegeuka nyuma mbele, maana hakuna aliyekumbuka kuzichonga kinyume. Tukacheka mpaka Bi. Riziki naye akacheka, na tangu aibu ile hakuwa amecheka. Jina tulilochagua lilikuwa hili: *Mlidhani tumelala, twaamka na Uhuru.*

Asubuhi ya sherehe tulivuka na feri, buibui juu, leso ndani, midomo imefungwa. Bibi alimvika Bi. Riziki buibui lake kwa mkono wake mwenyewe, akampiga kijikofi cha bega. "Leo hii 'mara moja tu' hamna," alimwambia. Watu walijaa mpaka ukingoni, bendera mikononi. Wapo waliokuwa na hofu zao juu ya Uhuru wenyewe, sitakuficha, lakini siku ile hata wao walivaa vizuri.

Uwanjani wenzetu wa mjini walikuwa wameshapanga mstari, wamejifunga zile leso zilizokuwa zetu, wanatutazama kwa kona ya jicho. Wakangoja kuona tutavaa nini. Bi. Riziki akainua mkono. Tukavua mabuibui kwa pamoja.

Uwanja ukawa mwekundu! Vipande sita sita, ukingo mweupe ukikata kati kama madirisha, na jina letu kwenye weupe wa ukingo wa chini likisomeka vizuri kabisa. Hakuna duka lolote Mombasa lililokuwa na leso ile. Vijana wa mjini wakalisoma jina kwa sauti, kisha wakalirudia, na kabla hatujainua mguu likawa wimbo. Nilitaka kulia, nikacheza.

Halafu akatoka mwanamke mmoja mkongwe katika chama cha wenzetu, anatembea kwa mkongojo. Akapita mbele ya Bi. Riziki, akaja moja kwa moja kwa Bibi yangu, akaishika leso yake, akapitisha kidole juu ya mshono taratibu.

"Hii ni ya nyanya yangu," akasema. "Ya namna hii ndiyo iliyofunika jeneza lake."

Akaitupa fimbo, akapiga kigelegele kilichonyamazisha ngoma, kisha akaingia katika mstari wetu. Mmoja mmoja, wenzake wakamfuata. Wale waliotuita washamba wakacheza nyuma yetu, Bi. Riziki mbele, anang'aa, hakuna tena aliyemkumbusha harusi.

Basi sikia, mwanangu. Mwacha asili ni mtumwa, husemwa hivyo, na wengi husema bila kufikiri. Kila kitu unachokishika leo, kuanzia kiti unachokalia mpaka mchezo unaocheza, kilianza kwa mtu asiyekuwa nacho akaamua kukitengeneza. Uliza kilianzaje. Anayejua kitu kilivyoanza, kikimpotea atakianza tena, naye hatampigia magoti mwenye duka yeyote. Ukiharibikiwa, lia kidogo, kisha weka ungo chini.

Leso yangu ya siku ile ninayo bado, na rangi ya mikoko haijatoka. Nimekuwekea. Mola akupe mikono isiyochoka na macho yanayoona kilichomo ndani ya kitambaa cha vumbi, na siku utakayovua buibui lako mbele ya walimwengu, usimame wima. Amina.