Indiketa Zenye Haraka

"Anti, gari limejuaje?"

Nilimuuliza Roselyn swali hilo nikiwa darasa la tano, na nilimuuliza mbele ya watu, wakati mbaya kuliko wote. Probox nyeupe ya James ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka la spea la Mohamednur, hapa Migori mjini, na indiketa zake zilikuwa zinawaka na kuzimika mbio mbio, ti-ti-ti-ti-ti, kama gari linafukuzwa na mtu. Roselyn alikuwa ametoka tu kuliwekea taa mpya za LED. Balbu za zamani zilipokuwa ndani, indiketa zilimeta polepole kama za magari mengine. Zilipotolewa tu, ndiyo hii.

"Limejua nini?" aliniuliza bila kugeuka.

"Kwamba umelibadilishia taa. Kwani lina macho?"

James akacheka. Mohamednur hakucheka hata kidogo.

Roselyn si anti yangu wa damu. Mama yangu ni fundi cherehani, na duka letu limepakana na la Mohamednur. Ukuta ni mmoja, tena wa mabati, kwa hivyo mtu akikohoa kule sisi tunasema pole. Roselyn alikuja mwanzo wa mwaka huo kutoka Kosele, na begi la vyombo na testa aliyojitengenezea mwenyewe kwa balbu ndogo na waya mbili. Kule sokoni Kosele alikuwa anatengeneza redio na kufunga waya za nyumba. Lakini alichotaka ni magari.

"Redio waliniletea," alimwambia mama siku ya kwanza alipokuja kuomba maji. "Gari walimpelekea mwanaume. Halafu huyo mwanaume ananiita kando kuniuliza waya nyekundu inaenda wapi."

Mohamednur naye alikuwa na shida yake. Watu wake ni wa Garissa, lakini Dholuo anakiongea kutushinda sisi watoto wa hapa. Aliuza taa za LED, na nusu ya alizouza zilirudi. Mafundi waliozifunga walimwambia mteja, "Hizi ni feki," na mteja akamrudishia Mohamednur. Rafu yake moja ilikuwa imejaa taa zilizorudi. Kwa hivyo alitaka fundi wake mwenyewe, akae hapo verandani, afunge taa za duka hilo na zisirudi. Alijaribu mafundi wawili wakamshinda. Wa tatu akawa Roselyn, na nilisikia masharti yote kupitia mabati.

"Gari la kwanza ndilo mtihani, dada. Likirudi hapa, usinilaumu. Veranda nampa mtu mwingine, na wewe unarudi Kosele."

"Na lisiporudi?"

"Veranda ni yako. Hata jina lako uandike ukutani, walahi."

Jioni hiyo Roselyn alileta kopo dogo la rangi ya buluu na brashi, akamwomba mama amwekee chini ya meza. Kopo halikuwa limefunguliwa. Nilimuuliza ni la nini. "La ukuta," akasema.

Sasa mnaona kwa nini Mohamednur hakucheka. Probox ya James ndiyo ilikuwa gari la kwanza.

James huleta samaki kutoka Muhuru Bay, anaondoka alfajiri, na alikuwa amechoka na taa zake za manjano. Taa za mbele hazikumsumbua Roselyn. Alizitia, akazizungusha mpaka zikakaa, akaelekeza gari kwenye ukuta wa ndani wa stoo penye giza, akachora mstari wa chaki, akashusha mwanga mpaka ukatulia chini ya mstari. James alipiga makofi.

"Yawa! Sasa ng'ombe wa Suna wataniona nikiwa bado Muhuru!"

Halafu zikaja indiketa. Mbili za mbele, mbili za nyuma. Zote ziliwaka vizuri, rangi ya machungwa kali kabisa. Kasoro ni hiyo haraka tu.

Watu walikusanyika, na kila mtu akawa fundi. Mwenye boda akasema ni betri. Mwuza miwa akasema ni fyuzi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuku akasema hiyo gari imeshtuka, iachwe ipumzike. Roselyn alikagua betri, akakagua fyuzi, akagusa kila waya kwa testa yake. Kila kitu kilikuwa kizima. Mimi hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu nilijua kitu kikikataa ni kwamba kimeharibika, na hapa hakuna kilichoharibika na bado kitu kimekataa.

Ndipo nikauliza swali langu. Baada ya James kucheka, alimtazama Roselyn akauliza kwa upole, kama mtu anayefungua mlango ili mwenzake apite:

"Fundi, si itazoea?"

Ungekuwa mlango mzuri. Mafundi wa kwanza wangepita hapo. Hapa kwetu fundi husema "hiyo ni kitu kidogo," au "itazoea," au "hiyo gari ndiyo mbovu." Roselyn alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Sijui," akasema. "Sijui kwa nini inafanya hivi."

Sikuwahi kumsikia fundi akisema neno hilo. Nadhani hata mwuza miwa hakuwahi, maana aliacha kukata. Mohamednur alishika kichwa.

"Dada! Mbele ya mteja?"

"Sasa nimdanganye? Akikata kona pale Masara na mtu adhani amewasha taa za hatari, atarudi kwako, si kwangu."

"Nyar Kosele," James akasema, na hapo ndipo alipoanza kumwita msichana wa Kosele, jina ambalo hajaacha hadi leo, "mimi kesho alfajiri niko barabarani. Ujue usijue."

Roselyn alirudisha balbu mbili za zamani upande wa kushoto, ya mbele na ya nyuma. Upande wa kulia akaacha za LED. Akawasha kushoto: tik… tok… tik… tok. Polepole, kama mzee anayepanda ngazi. Akawasha kulia: ti-ti-ti-ti. Akarudia mara tatu. Gari moja, lakini ungedhani ni magari mawili yameunganishwa katikati.

"Balbu za zamani zina kitu ambacho hizi hazina," akasema.

"Lakini hizi ndizo bora," akasema Mohamednur. "Hizi hazili moto wa betri. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi? Nipe boksi."

Boksi lilikuwa limeandikwa Kichina kitupu. Lakini pembeni palikuwa na picha mbili. Moja ya balbu. Nyingine ya kitu kama kipande cha sabuni, rangi ya dhahabu, chenye mistari mgongoni na waya mbili, moja kila upande.

"Hiki kiko wapi?"

"Kipi?"

"Hiki, Mohamednur. Cha dhahabu."

Mohamednur alikitazama, halafu akatazama juu kwenye dari, halafu akasema hakumbuki. Roselyn akaja kwetu kuomba maji, kwa sababu alipochanganyikiwa alikuwa anakunywa maji mengi. Mama alikuwa anakata satini ya sare za kwaya. Satini inateleza, kwa hivyo mama huizuia kwa vitu vizito kwenye pembe. Roselyn aliinua kikombe, akakishusha bila kunywa.

"Mama Valary. Hivyo umetoa wapi?"

Valary ni mimi. Na "hivyo" vilikuwa vidude vya dhahabu, vimekaa juu ya satini ya buluu, kimoja kila pembe. Mimi nilivipanga kila siku kama nyumba za mjini. Nilikuwa nimevipa hata majina ya mitaa.

"Mohamednur ndiye alinipa," mama akasema. "Vilikuwa vinajaza maboksi yake bure. Niko navyo mkebe mzima."

Kicheko cha James kilisikika hadi stendi. "Mohamednur! Umeuza chai, sukari ukampa jirani!"

"Nilidhani ni uzito tu, ili boksi lisipeperuke," Mohamednur akasema kwa sauti ndogo sana. Rafu nzima ya taa zilizorudi ilikuwa nyuma yake, na hakuthubutu kugeuka kuitazama.

Roselyn alirudisha LED kushoto, halafu akaunga kidude kimoja kwa kila indiketa, sawasawa na picha: waya moja huku, nyingine kule. Akavibana kwa tepu kwenye plastiki ya nyuma ya taa. Akawasha.

Tik… tok… tik… tok.

Watu walishangilia. Mimi ndiyo kwanza nikapotea zaidi. Kidude chenyewe hakikuwaka, hakikuzunguka, hakikulia. Kilikaa tu.

"Kinafanya nini?" nikauliza.

Roselyn alikigusa haraka, akarudisha mkono. "Kinapata joto."

"Basi?"

"Naona ni hivyo tu."

James alikuna shingo. "Ngoja nielewe. Nimenunua taa isiyokula moto. Halafu tumeiajiria mtu wa kukaa kando yake, kazi yake ni kuula?"

Ilikuwa ni hivyo hasa.

"Imepona," Mohamednur akasema. Alikuwa ameshapata nguvu. "Mpe gari lake aende."

"Bado."

"Bado nini, dada? Inafanya kazi, kila mtu ameona!"

"Kila mtu ameona inafanya kazi dakika moja. Washa zote, James. Pande zote mbili. Tungoje dakika kumi."

Mohamednur alimkumbusha veranda ni ya nani. Alisema mteja ameridhika, na fundi anayekatalia gari la mteja aliyeridhika atafute veranda Kosele. Alisema kwa sauti ya kawaida, na ndiyo maana iliogopesha. Roselyn alisogea akasimama kati ya James, aliyekuwa ameshawasha zote, na mlango wa dereva.

"Hata hiyo Kosele nitarudi," akasema. "Lakini baada ya dakika kumi."

Dakika ya sita tulisikia harufu. Ilikuwa kama sahani ya plastiki iliyoachwa karibu na jiko. Roselyn alifungua buti, akang'oa kifuniko, na plastiki ya nyuma ya taa ilikuwa imelegea kama nta, na tepu imejikunja. Alikivuta kidude kwa mkono mtupu kabla hajafikiri. Alama iko hadi leo kwenye kidole chake cha shahada, mistari minne midogo, sawa na ile ya mgongoni mwa kidude.

James alizima swichi, akatazama buti lake, pale ambapo kesho yake yangekuwa magunia ya omena kavu.

Roselyn aliloweka kidole kwenye kikombe cha maji ambacho hakuwa amekunywa. Kisha, kwa mkono mmoja, na mama akimshikia tochi, alivihamisha vyote vinne kwenye bodi ya gari, chuma kwa chuma, akavifunga kwa skrubu, mbali na plastiki na waya zote. Tukawasha tena. Dakika kumi. Ishirini. Mohamednur mwenyewe ndiye aliyekuwa anahesabu. Vilikuwa moto, lakini chuma kilikuwa kinavipunguzia, na harufu ikabaki ya samaki tu, ambayo ni ya siku zote.

James akaondoka, akakata kona na indiketa ya kushoto, tik… tok… tik… tok.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikiwa dukani kwa mama kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, Probox nyeupe ikaegeshwa mbele ya duka.

"Imerudi," mama akasema, akaacha cherehani.

Roselyn alisimama. Alianza kuvirudisha vyombo kwenye begi, kimoja kimoja, akianza na ile testa.

"Nilisema ikirudi," Mohamednur akaanza, na hakumalizia, kwa sababu nyuma ya Probox ilikuwa imeegeshwa pikapu, na ndani yake mtu ambaye hatukumjua.

"Nyar Kosele!" James akaita kupitia dirishani. "Mbona unafunga begi? Huyu ni Mniko, anabeba mahindi kutoka Kehancha. Taa zake zilifungwa kwingine. Mniko, hebu waonyeshe."

Mniko akawasha indiketa. Ti-ti-ti-ti-ti.

Mohamednur aliingia kwetu bila kubisha, akasimama mbele ya mama, akauliza kwa adabu zote kama anaweza kurudishiwa ule mkebe. Mama akasema atarudishiwa akileta vitu vingine vizito. Akaleta plagi nane za zamani za injini, zimesafishwa. Jioni yake Roselyn alifungua kopo la rangi. Herufi zilipinda kidogo kwa sababu ya kidole, na hazijawahi kurudiwa.

Mimi nilibaki na swali langu. Nilimuuliza tena darasa la sita, na la saba, na kila mara alijibu vile vile: najua dawa, sijui ugonjwa. Mwaka huu niko kidato cha tatu, na kwenye fizikia tumefika kwenye umeme. Likizo ya Aprili nilienda kukaa naye verandani, nikiwa na daftari, nikamkuta amefungua flasha, kile kikopo kinachofanya indiketa zimete. Alikuwa amekipasua kama yai, na vipande amevipanga kwenye kitambaa.

"Njoo uone," akasema. "Hii inahisi tu moto unaopita. Ni kama mama anayepikia watoto wawili. Sahani zikirudi tupu, ametulia. Balbu za zamani zilikuwa zinamaliza kila kitu. LED zikaonja kidogo tu, zikashiba, sahani zikarudi zimejaa. Mama akadhani watoto hawako, akaanza kuita mbio mbio. Ile haraka ni ya kumwambia dereva balbu imeungua."

"Na cha dhahabu?"

"Kinamaliza kilichobaki."

Nilichora kwenye daftari, nikafuta, nikachora tena. "Kwa hivyo balbu ziko hapo, zinawaka, kila mtu anaziona, na gari linasema hazipo. Sasa Anti, gari limejuaje?"

Alipuliza vumbi kwenye kile kikopo, akakigeuza upande wa pili.

"Halikujua, Valary. Lilikuwa linakisia tu, na likakisia vibaya. Hata mimi siku hiyo nilikuwa nakisia. Tofauti ni kwamba mimi nilisema."