Wiski Tamu Iliyotaka Macho Yangu

Nitaeleza yote, hata yanayonitia aibu, kwa sababu mtu aliyenipofusha kwa siku tisa bado anawaambia watu kwamba nilijitakia mwenyewe.

Jina langu ni Elija. Nilizaliwa bara, nikaacha shule baba alipofariki, nikajifundisha kupiga taipu kwa kitabu kisicho na jalada. Miaka miwili baada ya Uhuru nilipata ukarani katika ofisi moja mjini Amu, kisiwani pwani. Nilikuwa mtu wa hofu. Barua ikiwa na kosa moja niliichana nikaanza upya, na nikifumba macho niliona koma nilizosahau.

Kilichonituliza ni kikombe cha Jumamosi alasiri. Sisi watu wa bara tulikuwa na chumba cha kukutania, na mwenye chumba alikuwa Zakaria, aliyewahi kuwa mhudumu melini. Ndiye aliyetuagizia kutoka Mombasa wiski tamu yenye ladha ya fyulisi, tunda ambalo sikuwahi kulitia mdomoni. Bia sikuipenda, na wiski ya kawaida iliniunguza koo. Hii iliteremka kama asali iliyopata joto, ikaacha harufu ya tunda puani. Nikaanza kuitafutia vya kuchanganya. Kwa soda ilikuwa nzuri, ila utamu ulizidi. Kwa maji ya dafu ilipooza. Kwa ndimu na maji baridi ilichangamka. Lakini hakuna kilichoufikia ukwaju: kipimo kimoja cha wiski, vitatu vya ukwaju uliochujwa mara mbili kwa kitambaa, na chumvi kidogo sana. Niliviandika vipimo hivyo daftarini. Mutua, mwenzangu wa ofisini, alinicheka. "Elija, wewe hata ulevi unaupiga taipu."

Tulikuwa na desturi moja. Amu ni mji wa watu wa dini, nasi tulikuwa wageni wao. Kwa heshima, chupa haikuwekwa mezani. Zakaria alichanganya nyuma ya pazia, akaleta kinywaji ndani ya birika, tukanywa kwa vikombe vya chai. Aliyepita dirishani aliona watu na sharbati yao. Niliipenda desturi hiyo kwa unadhifu wake. Sikufikiri kwamba asiyeiona chupa hajui pia anakunywa nini.

Jumamosi ile mzigo wa Mombasa ulikuwa umechelewa. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mutua. Koplo Barasa wa polisi, ambaye kwa kawaida hakosi, alikuwa kijiji cha Mkokoni kikazi. Zakaria akaleta birika la ukwaju. Nilionja nikasema, "Leo ina ukali."

"Chupa mpya, bwana karani," akasema. "Au nikuandikie barua ya kuomba radhi?"

Tukacheka. Tukanywa vikombe vinne kila mtu. Yeye hakunywa.

Jumapili niliamka na kichwa kizito, nikadhani ni uchovu. Kufika adhuhuri nilikuwa natapika maji ya njano. Tumbo lilinikata. Nilihema kama mtu aliyepanda mlima. Kisha weupe ukaingia machoni, kama ninachungulia ndani ya maji yaliyooshewa mchele. Niliuona mlango bila kuona kitasa chake. Bi Mwanaisha, mama mwenye nyumba niliyopanga, aliita watu wawili wakanibeba hospitali. Nilimkuta Mutua keshalazwa.

Daktari akaniuliza, "Umekunywa nini?"

Nikasema, "Sharbati ya ukwaju."

Niliogopa faili langu la kazi. Niliogopa neno mlevi kuandikwa mahali lisipofutika. Mutua, kitanda cha pili, alinisikia, naye akajibu hivyo hivyo. Daktari akatutibu kama watu waliokula chakula kibovu. Jua likashuka tukiwa katika uongo huo. Kosa hilo ni langu, nami sitamtwisha mtu mwingine.

Aliyeuvunja uongo ni Bi Mwanaisha. Alikuja na shati langu la jana mkononi.

"Bwana Daktari, kijana huyu hakunwa sharbati," alisema. "Nimetaka kulifua shati hili. Lanuka spiriti ya kuwashia karabai. Mimi nami nna taa, naijua." Akanigeukia. "Mwambie kweli, mwanangu. Mato yako yaondoka, nawe waona haya?"

Nikasema. Daktari hakunikaripia. Alisema spiriti ile ni sumu, nayo huanza na macho. Kisha akaniambia, "Dawa yako itakushangaza. Utakunywa pombe safi kwa kipimo changu. Mwili ukishughulika nayo, sumu itapata nafasi ya kutoka." Akatuma mtu katika nyumba moja ya wageni kutafuta chupa ambayo haijafunguliwa. Iliyopatikana ilikuwa wiski ile ile ya fyulisi. Aliikoroga kwa maji na sukari, akatunywesha mimi na Mutua kila saa, pamoja na dawa ya kupunguza asidi mwilini. Hilo ni jambo la daktari; mtu asije akalijaribu nyumbani.

Nililia niliponywa. Ilikuwa laini, kama nilivyoijua mwanzo. Hapo ndipo nilipofahamu kwa ulimi, kabla ya ushahidi wowote, alichotufanyia Zakaria. Chupa yake ilikuwa imebaki na kinywaji kidogo tu, naye hakutaka kusema imekwisha. Aliijazia spiriti. Ukwaju ukaficha rangi, fyulisi ikaficha harufu.

Siku ya tisa niliona wekundu. Ulikuwa hina kwenye vidole vya Bi Mwanaisha, akinishikia bakuli la uji. Kesho yake niliona kucha zake. Mutua hakuona kitu, na hadi leo haoni. Daktari alimpima kwa kurunzi, akaizima.

Watu wa kanisa walikuja kuniombea, wakaniambia nisamehe. Niliitikia amina kwa maombi, siyo kwa hilo. Nilitoka hospitali nikiwa na jambo moja tu kichwani, nikalipanga kwa uangalifu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda chumbani kwa Zakaria alasiri, mbele ya wote. Koplo Barasa alikuwepo. Niliweka birika mezani, nikamimina kikombe kimoja.

"Zakaria, kunywa."

"Nini hicho, bwana karani? Pole sana kwa ugonjwa."

"Ni ile ya siku ile. Mutua aliibakisha, akaenda nayo kwake."

Alicheka. "Acha mzaha."

"Uliisifu mwenyewe. Chupa mpya. Kunywa kikombe kimoja tu, nami nitakuomba radhi mbele ya hawa."

Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akasukuma kikombe kwa ncha ya kidole, kama kinachoweza kuuma. "Haiwezekani ikawa ile," akasema. "Ile iliyobaki niliimwaga baharini mwenyewe, na chupa yake."

Koplo akatua kikombe chake taratibu. "Uliimwaga kwa nini?"

Zakaria akautazama mlango. Nikakichukua kikombe, nikakinywa chote nikimtazama. Kilikuwa ukwaju na sukari, kutoka jikoni kwa Bi Mwanaisha. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile, wala siombi msamaha kwa kusema hivyo.

Zakaria alikiri kwa Koplo kabla ya magharibi, akakamatwa, na baadaye akahukumiwa kifungo. Nilihudhuria kesi kila siku, nikakaa mbele ili anione ninavyomwona.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, na Bi Mwanaisha ambaye dini yake inakikataza kile kinywaji, asinikatae mimi. Bado nina doa la kijivu katika jicho la kushoto. Unayesoma haya, kama unakunywa, chupa ifunguliwe mbele yako. Ukiugua, mwambie daktari ulichokunywa kabla hata ya kumwambia jina lako. Na ukiambiwa macho hayatarudi, subiri. Yangu yalichukua siku tisa.

Mwezi uliopita Zakaria aliniandikia kutoka gerezani. Anaomba nimwandikie wakubwa kwamba nimemsamehe, apunguziwe kifungo, kwa kuwa mwandiko wangu unajulikana. Nilimjibu siku ile ile: "Barua hiyo iandike wewe, umpelekee Mutua. Akiisoma mwenyewe, bila kusomewa na mtu, nami nitaisaini."