Waliokaa Chini Sokoni

Siku yangu ya kwanza kazini kaka yangu alinitoa Temeke kwa baiskeli, akanishusha mlangoni pa ofisi ya gazeti. Chumba cha mhariri kilikuwa ghorofani. Miguu yangu ilipooza utotoni, hivyo nikapanda ngazi kwa mikono, kanzu nimeikunja kiunoni. Mhariri alinikuta juu nikipangusa vumbi viganjani.

"Mbona hukuita mtu?"

"Ningeita kila siku, Mzee?"

Akanipa pruufu, yaani karatasi ya majaribio inayosomwa kusaka makosa kabla gazeti halijachapwa. Kazi ikaanza hapo hapo.

Baadaye nikapandishwa cheo, nikawa mwandishi wa habari za vitongojini. Ndipo mkuu wa soko la mtaani kwetu alipotangaza kuwa ombaomba wote waondoke. Kwake yeye, kila kiwete na kila kipofu aliyekaa chini alikuwa ombaomba. Akafukuzwa mshona viatu, akafukuzwa pia Bi Mwanaisha, msusi wa mikeka asiyeona.

Niliandika makala kali. Mhariri akanirudishia.

"Mkuu wa soko umemtukana aya tatu," akasema. "Bi Mwanaisha yuko wapi humu?"

Nikaenda kuketi naye asubuhi nzima. Akanieleza anavyoutambua ukili mbovu, ule msuko wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kwa ncha ya kidole, na ni kina nani wanaolalia mikeka yake. Mmoja wao alikuwa mkuu wa soko mwenyewe.

"Na hilo uliandike, mwanangu."

Nikaliandika. Gazeti lilipotoka, Bwana Shauri, yule ofisa wa Kiingereza aliyesimamia wilaya, akatuita barazani kwake, mimi, Bi Mwanaisha na mkuu wa soko.

"Nani alikuandikia haya?" akaniuliza.

"Mie mwenyewe, Bwana. Kilichopooza ni miguu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na kwa neno lake moja ningeweza kukosa kazi. Akamgeukia mkuu wa soko.

"Unalalia mkeka wa mama huyu?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi mrudishe sokoni."

"Na wenzake?" nikauliza.

"Na wenzake," akajibu.

Tangu hapo mimi, Bi Mwanaisha na wenzake tukawa tunakutana barazani kwangu kila Ijumaa baada ya sala, tukaunda chama chetu.

Nilistaafu mabega yalipochoka, kalamu haijachoka. Juzi baba mmoja kaniletea bintiye asiyesikia, akaniomba nimtafutie watu wa kumhurumia.

"Huruma mpeni huko nyumbani," nikamwambia. "Hapa niachie nimfundishe kazi."