Nilimsifu mwanafunzi wangu mbele ya kijiji, shule ikaishia hapo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Haya yalinikuta mwenyewe, na kwa umri huu sina nguvu tena ya kutunga.

Juzi nilikaa kwenye graduation ya mjukuu wangu wa chekechea. Kila mtoto medali. Hata aliyelala mwanzo mpaka mwisho kapewa. Nikacheka, halafu nikachoka ghafla.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Tabora mjini. Kwetu ukihitimu msahafu madrasa, ulivalishwa kanzu mpya, ukapakwa manukato, ukapitishwa mtaa kwa mtaa kwa vigelegele. Nilipitishwa. Siku ile hata kaka zangu walinipisha njia!

Ujamaa ulipopamba moto nikapangiwa kufundisha kijiji kimoja upande wa Usoke. Asubuhi hesabu, mchana tumbaku ya shule.

Darasa la sita alikuwepo binti, Nyamizi. Wakuu, yule mtoto alikuwa na kichwa. Hujamaliza kuandika swali ubaoni, kashapata jibu. Mimi nilishamwona sekondari.

Nikataka apewe zawadi ya hesabu. Mwalimu mkuu akakataa katakata.

"Hapa hatutuzi mtu kwa kumzidi mwenzake akili, mwalimu. Tunatuza kazi."

Bahati nzuri, niliona hivyo wakati ule, Nyamizi alikuwa wa kwanza shambani pia. Likanunuliwa jembe jipya la kumtuza.

Hapo nikaingiza mambo ya kwetu Ng'ambo. Nikaomba kina mama wamvalishe kanga. Nikamweka mbele, jembe begani, darasa zima nyuma yake, ngoma, vigelegele, tukazunguka kijiji. Mimi napaza sauti kama chizi: "Huyu ndiye mchapakazi wetu!"

Hesabu sikuzitaja hata mara moja.

Siku ile kijijini kulikuwa na wageni kutoka Nzega, watu wa ng'ombe. Wiki ya tatu wakarudi kumposa Nyamizi kwa ajili ya kijana wao.

Nikakimbilia kwa baba yake. "Shikamoo mzee. Huyu mtoto atafaulu, mwache asome."

"Marahaba, mwalimu. Kaa." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Zamani kwetu jembe ndilo lilikuwa mahari. Wewe umemtwisha binti yangu jembe, umemzungusha kwa vigelegele. Watu wameelewa kuwa namwoza. Sasa unataka nikawaambie nini?"

Mnyamwezi wa mjini mimi, hilo sikulijua.

Mwalimu mkuu aliandika barua wilayani ndoa izuiwe. Jibu lilikuja Nyamizi keshaondoka.

Asubuhi ya safari alipita shuleni kuniaga. Akapiga goti, akanisalimu.

"Mwalimu, zile hesabu ungesema tu 'vizuri' pale darasani. Ingenitosha."

Wakuu, sikuwahi kumwambia. Mwaka mzima. Nilikuwa naitunza sifa hiyo kwa siku kubwa.

Nimefundisha miaka mingi baada ya pale na uchovu wa siku ile haujanitoka.

Nilichojifunza: kabla hujampigia mtoto ngoma, jua wenyeji wataielewaje. Na kama ana sifa yake, mpe palepale, kwa jina la kile alichofanya.

Walimu na wazazi mliomo humu, kwenu watoto walisifiwaje? Andikeni. Wa kunilaumu pia karibuni, nitasoma zote. Nyamizi mwenyewe hakunilaumu, ningeshukuru angefanya hivyo.