Rangi Mpya, Umeme Hakuna

Jumamosi, kwenye gereji za mtaa wa Gerezani. Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Uvira, nilikozaliwa.

Jamani, leo nusura niiuze pikipiki yangu kwa kilo!

Wiki nzima imegoma. Taa hakuna, honi hakuna. Nimebadilisha betri, fyuzi, swichi, wapi!

Mke wangu akasema isipopona leo ni chuma chakavu. Akaja gereji kuhakikisha, na mnunuzi kamleta, mkokoteni tayari.

Fundi Mwanaidi akafuata waya mmoja baada ya mwingine. Ghafla akanigeukia.

"Mzee, nani kaipaka rangi?"

"Mimi mwenyewe. Mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka." Nilisema kwa fahari!

"Basi waya wa betri umeufunga kwenye fremu juu ya rangi, haugusi chuma. Umeme upite wapi?"

Gereji nzima ikaangua kicheko.

Akafungua nati moja, akakwangua rangi kwa msasa, akafunga tena.

Taa ikawaka! Indiketa zikakonyeza! Honi ikalia mpaka mwenye mkokoteni akaruka.

"Mzee, umeninyima riziki," akasema, naye anacheka.

Nikapiga honi tena. Na tena. Nyie mngeacha?

Mke wangu akapanda nyuma. "Haya, si uliinunua ikurudishe Uvira? Imepona."

Ni kweli, niliinunua kwa safari hiyo, na kila mwaka nimeitengeneza nikisema sasa nitaondoka.

"Shika vizuri," nikamwambia. "Tunaenda kwetu Magomeni. Uvira sitarudi."