Marehemu kwenye miksi yangu

Jamani, leo mchana kweupe nimesikia marehemu akiita wateja Kariakoo.

Niko dukani kwangu, hedfoni masikioni, nasikiliza miksi ya muziki wa dab na tekno ya DJ mmoja wa chini kwa chini. Besi nzito, mwangwi kama uko ndani ya simtanki tupu.

Mara, katikati ya mwangwi:

"Karibu mwanangu, shika kitenge uone!"

Mama Zuhura! Jirani yangu wa meza ya vitenge. Tumemzika wiki iliyopita.

Nikavua hedfoni fasta.

Sauti ikaendelea.



Kutoka nje, namkuta Zuhura, binti yake. Leo ndiyo kafungua biashara. Kawasha kile kipaza sauti kinachorudia tangazo kutwa nzima, kasahau kwamba aliyejirekodi ni mama yake.

Kasimama tu, kidole kwenye swichi. Na wapita njia wanaitikia: "Asante, mama!"

"Zima basi, mdogo wangu," nikamwambia.

"Dada, nikizima, ni mimi nimemnyamazisha."

Nikarudi dukani, miksi hata sijaigusa tena.

Sasa hivi betri ya kipaza sauti inaisha, sauti ya mama inakatikakatika.

Zuhura kaja kuniomba chaja.

Nimpe?