Mwaka Wangu Perugia na Simu za Bibi Zuwena

Sababu ya safari yangu ilianzia Ghala, mtaa wa Maskati, kwenye karakana ya mjomba, ndugu wa mama yangu. Watu walikuwa wakileta makasha ya zamani na milango ya nakshi, na mafundi wakiyapiga msasa wa mashine mpaka maua yote yanafutika, kisha wanapaka vanishi. Mimi nilikuwa nikipokea wateja pale baada ya kumaliza chuo, na kila kasha likifutwa moyo uliniuma. Nikasikia kwamba Perugia, Italia, kuna mahali wanafundisha kutengeneza mbao za kale bila kuziharibu. Nikaomba nafasi, nikapata na ufadhili.

Mama yangu ni mtu wa Nizwa, Omani. Aliniuliza kwa Kiarabu, "Italia kwa nani?" Aliyemjibu ni Bibi Zuwena, mama wa marehemu baba yangu, mzaliwa wa Unguja, anayekaa nasi nyumbani kwetu Mawaleh, Maskati. "Mwache ende. Na mie nilipokuja huku nilikuja kwa nani?" Hayo alimwambia mama kwa Kiarabu, kisha akanigeukia mimi akayarudia kwa Kiswahili. Tangu baba alipofariki, nilibaki mimi peke yangu nyumbani wa kuzungumza naye lugha hiyo. Mama alikuwa akijua "njoo", "kula" na "lala", basi.

Uwanja wa ndege wa Maskati, Bibi alinifunga skafu ya sufu shingoni, na nje joto la Septemba linachemsha. Nikaivua ndani ya ndege, nikaikumbatia mpaka Roma.

Kutoka Roma nilipanda basi. Vilima vilikuwa vya kijani mpaka macho yakachoka kwa rangi isiyobadilika, nikalala. Nilipoamka tulikuwa tunapanda mlima, na juu yake mji wa mawe umekaa kama umemea hapohapo. Mlangoni mwa nyumba alinipokea Signora Agnese, mjane aliyenipangisha chumba. Mtoto wake mmoja tu, naye yuko Ujerumani. Sikuwa nikijua Kiitaliano zaidi ya salamu, lakini alipopeleka mkono mdomoni na kuinua nyusi nilielewa: umekula? Akanikatia mkate. Haukuwa na chumvi hata chembe. Nikadhani amesahau, kumbe mkate wa huko ndio ulivyo.

Asubuhi za Perugia ni kupanda ngazi. Nilifika darasani nikihema, nikavaa aproni, nikashika brashi. Mwalimu wetu hakuturuhusu kugusa mbao kwa muda mrefu. Tulikuwa tukifuta vumbi tu na kutazama. Jioni nikipita sokoni, nikirudi napika wali wa nazi ya kopo, na Signora Agnese anaonja akiwa amesimama, anasema mtamu, lakini haongezi. Siku ya Ijumaa niliswali katika chumba kidogo pamoja na wanawake wa Moroko na Senegali. Watu walikuwa wema kwangu.

Kilichonitesa kilikuwa kukosa mtu wa kumwambia "ati". Mchana kutwa nasema Kiitaliano kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima, na jioni nampigia Bibi ili nivivue. Ananisimulia nani kaolewa, nani kaja kumtazama, samaki wa pwani ya Sidab bei gani sasa. Nikikata simu, chumba kinazidi ukimya.

Wakati wa baridi kali, mama alinipigia simu ya video nikiwa darasani. "Bibi yako kapata kiharusi," alisema. "Alhamdulillah, kaamka. Lakini Kiarabu kimemtoka chote. Nasema naye, ananitazama tu." Akaelekeza simu kitandani. Bibi alikuwa akinung'unika, mdomo umepinda kidogo, na mama anazidi kumfunika blanketi.

"Bibi, ni mimi. Wataka nini?"

"Mwambie mamako aniondoshee haya! Mguu waniwaka moto!"

Nikamwambia mama. Akayatoa mablanketi yote, akakaa chini, akalia.

Siku ile nilitaka kurudi. Bibi ndiye aliyekataa. "Umalize mwaka wako," alisema. Basi nikaumaliza, lakini simu ilikaa kwenye rafu karibu na patasi, na mwalimu aliniruhusu kutoka kila ilipolia. Daktari anamuuliza mama, mama ananiuliza mimi, mimi namuuliza Bibi, jibu linarudi njia ileile.

Neno moja Bibi alilirudia kila siku: "Nnataka kwenda kwetu."

"Anaitaka Zanzibar, maskini," mama alisema. "Mwambie akipona tutampeleka, inshallah."

Nikamwambia. Bibi akakunja uso. "Unguja nkafanye nini? Nani alobaki? Nnataka kwetu, Hamriya."

Jikoni nilimweleza Signora Agnese: Hamriya ni mtaa wa Maskati, ndiko Bibi na babu walikopanga walipofika, kabla baba hajazaliwa. Akaendelea kumenya viazi. "Mwanangu akiniambia anarudi nyumbani," alisema, "siku hizi namuuliza, wapi?"

Nilirudi Maskati Juni. Bibi alikuwa amepungua, mkono wa kulia umelala mapajani. Alinishika uso kwa mkono wa kushoto.

Hamriya tulikwenda asubuhi iliyofuata, mama akiendesha. Tulisimama mbele ya jengo la zamani. Chini maduka ya simu na vitambaa, juu nguo za watu zimeanikwa. Bibi akaonyesha dirisha.

"Pale. Babu yako akenda kazini, mie nakaa pale nalia, naililia Unguja. Kila siku. Sikupapenda hata kidogo." Akalitazama tena dirisha. "Sasa napaota hapa, si kule."

Nikaona haya, maana tangu niliposhuka kwenye ndege nilikuwa nikiisikia moyoni milio ya kengele za Perugia, na jana yake nilikuwa nimeonja mkate wa nyumbani nikauona una chumvi nyingi. Safari ilinifunza hilo, na sikulifurahia: kwamba hamu haina adabu, inahama na wewe, na ukirudi ulikokuwa ukikutamani unaikuta imekwisha geuka kutazama nyuma.

"Warudi lini?" Bibi akauliza.

"Septemba, inshallah. Nimebakisha mwaka mmoja."

"Haya. Ufike salama huko kwenu."

Nilitaka kumwambia, kwetu ni hapa, Bibi. Lakini alikuwa amekwisha nifuta jasho la shavuni, na mama amenigeukia kutoka kwenye usukani.

"Anasema nini?"

"Ananiombea nifike salama," nikamwambia. Neno lile moja, "kwenu", sikulitafsiri.